Mwenye Kuongoza Wageni ni Shahidi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu aliyewaumba watu mataifa mbalimbali na ndimi mbalimbali. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyewakirimu wageni wa kila kabila, pamoja na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Limeletwa katika darsa yetu suali kutoka kwa mzee mmoja wa Kisumu, ambaye asili yake ni ya Pwani na wazee wake walihamia huko kwa biashara. Asema kuwa binti yake amefaulu mtihani wa kidato cha nne, na amepata nafasi katika chuo kikuu asome utalii pamoja na lugha za kigeni na desturi za mataifa. Jamaa wamegawanyika. Mmoja asema: "Huko ni kumpeleka mtoto mahotelini akamimine pombe." Mwingine asema: "Mwacheni apate shahada yake, dini atajifunza baadaye." Siku za kuikubali nafasi hiyo ni chache, na mzee mwenyewe halali raha. Atuuliza: Je, sharia yasemaje? Nimzuie au nimwache?

Tumelizungumza suali hili pamoja na wenzetu kwa darsa tatu, na haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoafikiana. Tumeona tuyachapishe, kwa kuwa suali la mzee huyu ni suali la nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu, ijapokuwa yeye ndiye aliyelitoa kinywani.

Kwanza twasema kwamba ndugu wale wawili, yule anayeufunga mlango na yule anayeuacha wazi bila ya bawabu, kila mmoja amelitazama jambo upande mmoja. Wa kwanza ameiona pombe asiione elimu. Wa pili ameiona shahada asiione amana. Na wanavyuoni wetu wana kanuni ya tangu zamani, kwamba hukumu ya kitu hufuata baada ya kukijua kile kitu. Basi na tulijue jambo lenyewe kwanza.

ASILI YAKE KATIKA DINI

Kutembea katika ardhi na kutazama ni jambo ambalo Qur'ani imetuelekeza kwalo mahali pengi, na miongoni mwa hapo ni Suratul An'am na Suratul Ankabut, ili tuone athari za waliotutangulia na tuone jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha viumbe. Makureshi nao walikumbushwa neema ya safari zao mbili, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto, wakaambiwa wamuabudu Mola wa Nyumba aliyewalisha na kuwapa amani. Atakayeizingatia sura hiyo fupi ataona kuwa safari, chakula na amani vimetajwa pamoja. Nchi isiyo na amani haitembelewi, na isiyotembelewi hupungukiwa na riziki.

Kuwahudumia wageni nako si kazi ya unyonge. Kuwanywesha maji mahujaji ilikuwa daraja kubwa Makka, nayo ilikuwa mikononi mwa Abbas bin Abdul Muttalib, ami yake Mtume. Mtume (S.A.W.) alipoifungua Makka hakumwondolea kazi hiyo. Na Nabii Ibrahim (A.S.) alijiwa na wageni asiowajua, akawaletea ndama aliyenona kabla ya kujua habari zao, kama ilivyokuja katika Suratudh Dhariyat. Kisha Mtume wetu ameifungamanisha imani ya mtu na kumkirimu mgeni wake. Basi mtu asione haya kusema kuwa mwanawe asomea kuwapokea wageni.

Ama lugha, Mwenyezi Mungu amezihesabu tafauti za ndimi zetu na rangi zetu, katika Suratur Rum, kuwa ni katika dalili zake. Na Zaid bin Thabit (R.A.), aliyekuja kuikusanya Qur'ani, aliamrishwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua za Waislamu zisiwe mikononi mwa wengine. Yeye mwenyewe asimulia kuwa haikupita nusu ya mwezi ila alikuwa ameyajua. Yako maneno yaliyoenea vinywani mwa watu, kwamba mwenye kujua lugha ya kaumu amesalimika na hila zao, na wengi huyanasibisha na Mtume. Hayo si hadithi, wala haifai kumzulia Mtume jambo hata likiwa zuri. Habari ya Zaid yatutosha.

ZIWA NA WAGENI WAKE

Msomaji wa Pwani huenda akastaajabu: Kisumu na utalii wapi na wapi? Wageni hawaji kwa ajili ya bahari na mchanga wetu?

Twamjibu kuwa Kisumu si mji wa mbali nasi. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias kabla ya reli kuwako, na Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, akasilimu. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na ndiyo iliyowachukua wazee wengi wa Pwani na wa Bara Hindi. Msikiti wa Jamia ulioko katikati ya mji ulijengwa mwaka 1919. Kwa hivyo Muislamu wa Kisumu ni mwenyeji pale, naye ana haki na wajibu wa mwenyeji.

Na vya kutazamwa viko. Ziwa lenyewe, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, ingawa sehemu ya Kenya ni kama 6 kwa mia tu. Pale Dunga, karibu na mji, kuna kinamasi cha mafunjo chenye ndege wasiopatikana ila kwenye mafunjo. Kuna Hifadhi ya Ndere kisiwani, iliyotangazwa mwaka 1986. Kuna Ruma katika bonde la Lambwe, ambako ndiko makao ya mwisho katika Kenya ya yule swala mkubwa aitwaye korongo. Katika kisiwa cha Rusinga ndiko aliko kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969, na ndiko ambako mwaka 1948 Mary Leakey alilikuta fuvu la mnyama wa kale sana, Proconsul. Mfangano kuna michoro ya kale juu ya majabali. Na katika Migori kuna boma la mawe la Thimlich Ohinga, lililojengwa bila ya udongo wala chokaa, ambalo UNESCO iliandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, kama ulivyoandikwa mji wa Lamu mwaka 2001.

Wageni nao wamefika. Mwezi wa Mei 2022 ulifanywa Kisumu mkutano wa Africities, uliowakusanya wakuu wa miji na mabaraza kutoka pande zote za Afrika, na wengi wao ni watu wasemao Kifaransa na Kiarabu. Hapo ndipo mji ulipoonja maana ya kuwa na wageni usioweza kuzungumza nao. Kiarabu kilikuwako misikitini mwetu, lakini ni Kiarabu cha kusomea kitabu, na mwanafunzi aliyekariri nahau miaka sita hakuweza kumwelekeza mgeni wa Morocco njia ya kwenda sokoni Kibuye. Hili litupe mazingatio.

YALIYOTUPATA PWANI

Sisi wa Pwani tumewatangulia wenzetu wa ziwani katika jambo hili, na yatupasa tuwaambie kweli tuliyoiona.

Malindi walikuja Wataliana tangu miaka ya 1960, pamoja na ule mradi wa San Marco wa kurusha satalaiti kutoka baharini, pale Ngomeni. Baada yao wakaja wenye mahoteli na wenye nyumba. Vijana wetu wakajifunza Kitaliana ufuoni, bila ya mwalimu wala daftari, hata ikawa kijana asiyejua kuandika jina lake aweza kubishana kwa Kitaliana tangu asubuhi hadi jioni. Hiyo ni akili kubwa aliyowapa Mwenyezi Mungu, wala hatuidharau. Lakini ulimi ulikwenda peke yake. Haukufuatana na elimu ya hesabu, wala ya sharia za nchi, wala ya historia ya mji, wala ya dini. Basi kijana akawa na lugha ya kuuzia vinyago na kubebea mizigo, na mara nyengine ya kuuzia yasiyofaa kutajwa hapa. Biashara yenyewe ikawa ya wengine. Mpaka leo ukiuliza ni nani mwenye hoteli na ni nani msimamizi wake, aghalabu hutajiwa jina lisilokuwa la Malindi. Ukiuliza ni nani mlinzi wa mlangoni, hutajiwa mtoto wa jirani yako.

Wazee wetu walifanya nini wakati huo? Wengi tulikataza. Tulipanda mimbari tukasema kuwa utalii ni haramu, tukateremka, tukaenda zetu. Wageni hawakuisikia hotuba ile. Vijana waliisikia, lakini hawakuoneshwa njia nyengine ya riziki wala namna ya kuingia katika kazi ile kwa heshima. Makatazo yasiyofuatana na mafunzo yaliwaacha pale pale ufuoni.

Wenzetu wa Unguja wana jambo la kuigwa. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni iliasisiwa huko mwaka 1979, na baadaye ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pamoja na chuo cha utalii cha Maruhubi. Leo Kiswahili, lugha za wageni na kazi ya utalii vyasomeshwa katika chuo kimoja. Hapa Kenya serikali ilifungua Chuo cha Utalii Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na huko ziwani Chuo Kikuu cha Maseno, kilichokamilika kuwa chuo kikuu mwaka 2001, kina masomo ya utalii wa mazingira na uongozi wa mahoteli. Milango iko. Lililobaki ni kujua mtu aingie kwa nia gani na akiwa amebeba nini.

MWONGOZA WAGENI NI SHAHIDI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mgeni ajapo katika nchi hajui kitu. Atakaloambiwa na yule anayemwongoza ndilo atakalolichukua kwao, na kuwasimulia watoto wake, na pengine kuliandika kitabuni. Basi mwongoza wageni ni shahidi juu ya mji wake, juu ya watu wake na juu ya dini yake. Na Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratul Baqara kuwa ametufanya umma wa katikati ili tuwe mashahidi juu ya watu. Shahidi apaswa kuwa na mambo matatu: ajue anachokitolea ushahidi, awe na ulimi wa kukieleza, na awe mkweli. Likikosekana moja, ushahidi umeanguka.

Mfano bora ni Jaafar bin Abi Talib (R.A.) mbele ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Waislamu walikuwa wakimbizi katika nchi ya watu, na Makureshi walimtuma Amr bin al-As na mwenzake na zawadi nyingi ili warudishwe Makka. Jaafar akaulizwa dini yao ni ipi. Akaeleza walivyokuwa katika ujinga na walivyoletewa Mtume, kwa maneno machache yaliyopangika, kisha akasoma katika Suratu Maryam mpaka mfalme akalia. Siku ya pili Amr akaja na hila: akamwambia mfalme kuwa watu hawa wasema neno zito juu ya Isa. Lau Jaafar angalitaka kujipendekeza angaliongeza kidogo, na lau angaliogopa angalipunguza kidogo. Yeye akasema yale yale aliyoyaleta Mtume: kwamba Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu, na Mtume wake, na roho itokayo kwake, na neno lake alilomtia Maryamu. Maaskofu wakaguna, lakini mfalme akaukubali ukweli ule na akawapa amani.

Sasa tumtazame kijana wetu wa Kisumu akiwa na wageni.

Amewapeleka Kogelo, Siaya, kwenye boma la jamaa ya Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani. Wageni wakaliona kaburi la Mama Sarah Obama, aliyefariki tarehe 29 Machi 2021 na akazikwa kesho yake. Mgeni auliza: Kwa nini alizikwa upesi hivyo, na hali tumesikia kuwa katika nchi hii mazishi huchukua siku nyingi? Hapo shahidi ndipo anapohitajiwa. Akiwa ni mjuzi atasema kuwa bibi huyo alikuwa Muislamu, na kwamba sisi huharakisha kumzika maiti kwa kumtukuza, naye ataeleza kuoshwa, kukafiniwa na kusaliwa. Kwa maneno ya nusu saa atakuwa ameondoa vifundo vingi katika nyoyo za watu waliokuwa wakiusikia Uislamu katika habari za vita tu. Akiwa hajui, au ajua na hana lugha, atatikisa kichwa na kusema: "Ni desturi tu." Wageni watapanda gari, na fursa ile haitarudi.

Amewapeleka Kit Mikayi, lile jabali kubwa lililo kwenye njia ya Bondo, ambalo Wajaluo huliita jiwe la mke mkubwa na wana hadithi yake. Wako watu waendao pale kuomba na kufunga. Muislamu ataisimulia hadithi kwa kusema kuwa hivi ndivyo wasemavyo wenyeji, bila ya kuongeza chumvi. Hatashiriki katika ibada ile, wala hataikejeli, kwa kuwa Qur'ani imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu. Kueleza wafanyalo watu si kulifanya. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya kumi na moja, alijifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya Wahindi na dini zao. Akasema wazi kuwa yeye ananakili wanavyosema wenyewe, na wala Uislamu wake haukupungua kwa uadilifu ule. Hiyo ndiyo maana ya kusoma desturi za mataifa.

Amewapeleka ziwani kwa mashua, na mgeni akaona magugu maji yamefunika maji, akauliza. Kijana asiseme kuwa ni maua ya kupendeza. Aseme kweli: kuwa mmea huu asili yake ni ya Amerika ya Kusini, kuwa hushamiri kwa taka na mbolea ziingiazo ziwani, na kuwa wavuvi hufungiwa njia nao. Aseme kuwa samaki mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kitu, akawala samaki wadogo wengi wa asili. Mgeni mwenye akili humwamini zaidi anayemwambia aibu ya nyumba yake kwa ukweli kuliko anayempamba.

Na tusisahau kuwa tusipojieleza wenyewe, tutaelezwa. Mwaka 1903 kilitoka Ujerumani kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten. Hata hivyo sehemu kubwa ya habari zake zatokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha lugha yetu. Kama asingalikuwako mtu wetu aliyesoma, angeandika nani habari za harusi zetu, tiba zetu na vyuo vyetu? Angeandika mpita njia.

Kwa sababu hiyo twamwambia mwanafunzi: lugha ya kwanza ya kazi yako ni ile ya nyumbani. Mtoto wa Kisumu aliyezaliwa kati ya Kiswahili na Kijaluo ana hazina ambayo mgeni angetoa mali nyingi kuipata. Watu wa Suba katika visiwa wamekaribia kuipoteza lugha ya babu zao, na walio wengi sasa wasema Kijaluo. Hilo liwe onyo kwetu. Atakayejua Kifaransa na Kichina na asijue kueleza kwa nini twaadhimisha Ijumaa, au historia ya msikiti wa mtaani kwake, huyo ni shahidi asiyeona. Mwacha mila ni mtumwa, nao waliotangulia walikuwa wakiyajua waliyoyasema.

MIPAKA

Tumesema kuwa elimu hii yafaa. Sasa tutaje mipaka yake bila ya kuficha.

Pombe ni haramu kuinywa, kuiuza, kuibeba na kuimimina, na imekuja katika hadithi kuwa waliolaaniwa kwa ajili yake ni watu kumi. Mwanafunzi atakapopelekwa katika mafunzo ya kazini, na amwandikie mapema mwalimu wake, kwa adabu, kuwa aomba kuwekwa mahali pa mapokezi, hesabu, upangaji wa safari au uongozi wa wageni. Kazi hizo ni nyingi, na haki ya mtu kushika dini yake imo katika katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Asingoje mpaka chupa iwe mkononi ndipo alalamike.

Sala ina wakati wake. Mwenye kuongoza wageni na awaambie tangu asubuhi: saa fulani nitasimama kidogo nisali. Hatumjui mgeni mwenye adabu aliyechukia hilo. Na asome fiqhi ya msafiri, ajue lini hufupishwa sala na lini hukusanywa, ili safari ya Ruma isiwe sababu ya kuacha faradhi.

Faragha baina ya mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake yakatazwa, awe mgeni au mwenyeji. Mavazi ya heshima hayaachwi kwa sababu ya kazi. Na dini haiuzwi: kuwaingiza watu msikitini wakati wa sala ili wapige picha migongo ya wanaosujudu, au kufanya maulidi na dhikri kuwa ngoma ya hotelini, hayo ni machukizo. Msikiti waweza kuoneshwa nje ya wakati wa sala, kwa idhini na adabu, na hapo huwa ni mahali pa kufundishia.

JAWABU

Basi jawabu letu kwa mzee wetu ni hili: usimzuie. Elimu hii ni katika zile ambazo wakiisimamia baadhi ya Waislamu huwaondolea wengine lawama, na wasipokuwako wa kuisimamia mji wote hulaumiwa. Maulamaa wetu wa Mombasa, na mbele yao Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (aliyefariki mwaka 1947), waliandika na kuhimiza zamani kuwa Waislamu wasome, wanaume na wanawake, wala wasiwaachie wengine elimu za dunia. Kumnyima binti elimu kwa kumchelea, na huku nduguye wa kiume aachwa akeshe mabarazani bila ya kuulizwa, si katika uadilifu.

Lakini usimwache aende mikono mitupu. Kabla hajaanza, akae miezi hii pamoja na mwalimu amdurusishe fiqhi ya lazima, sira ya Mtume, na majawabu ya masuali ambayo wageni huuliza. Atafutiwe makao ya heshima pamoja na wenzake waaminifu. Ikiwa chuo chake ni Maseno, mwendo wa kilomita kama 25 kutoka mjini, basi arudi kwao mwisho wa juma. Na wewe baba uende ukawaone walimu wake, kwani mzazi ajulikanaye chuoni ni ngao kwa mwanawe.

Wajibu huu haumhusu mzee huyu peke yake. Maimamu wa Kisumu na wa Pwani wafungue darsa ya Kiarabu cha mazungumzo, jioni mbili kwa juma, kando ya nahau. Matajiri wetu wenye nyumba na magari waanzishe nyumba za wageni zisizo na pombe, zenye maji ya udhu na chakula kilichochinjwa kwa sharia. Waislamu wa Ghuba, wa Uturuki na wa Malaysia husafiri wakitafuta mahali kama hapo. Wazo ni dogo: mgeni aingiapo chumbani akute alama ya kibla, ambacho Kisumu ni kaskazini kwa kuinamia mashariki kidogo. Atajua kuwa aliyemwandalia chumba kile ni nduguye. Kwa nyumba kama hizo vijana wetu watapata mahali pa kufanya kazi bila ya kuchaguzwa baina ya riziki na dini.

Na wanafunzi wenyewe wajue kuwa wazee wetu waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone", walikusudia mwenyeji mwenye kitu cha kutoa. Mwenyeji mjinga haponi kwa mgeni. Humfanya mgeni kuwa bwana wake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu, wa bahari na wa ziwa, milango ya elimu yenye manufaa, azihifadhi ndimi zao na uwongo na nyayo zao na maovu, na atujaalie sote kuwa mashahidi wa kweli hapa duniani kabla ya kusimama mbele yake siku ambayo ndimi, mikono na miguu vitatoa ushahidi.

Wabillahit tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.